Maswali yenu kuhusu figo iliyokatikiwa damu

Barua nyingi safari hii zimezunguka jambo moja: figo ikikosa damu kwa muda, iwe ni kwa upasuaji, kuvuja damu au kuharisha kupita kiasi, ipo namna ya kuikinga bila kuichoma wala kuikata? Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitolewa uvimbe kwenye figo na ateri yake ikabanwa kwa dakika 22. Kwamba figo huumia ikikosa damu naelewa. Nisichoelewa ni kuambiwa kwamba madhara mengine huja damu inaporudi. Damu si ndiyo uhai wenyewe? (Msomaji aliyeponea mezani)

JIBU: Figo zote mbili zina uzito wa gramu 300 hivi, lakini kila dakika hupitiwa na takriban lita moja ya damu, yaani kama moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mtu angedhani kiungo chenye neema kiasi hicho hakijui njaa. Kumbe tatizo ni mgawanyo. Damu nyingi huishia sehemu ya nje, kunakofanyika uchujaji, na sehemu ya ndani huambulia kidogo sana. Huko ndani shinikizo la oksijeni ni milimita 10 hadi 20 tu za zebaki, hata kwa mtu mwenye afya njema. Na huko ndiko iliko mirija inayofanya kazi ngumu ya kurudisha chumvi mwilini. Mirija hiyo hubangaiza siku zote, haina akiba.

Ateri ikibanwa, cha kwanza kwisha ni nishati. Pampu za sodiamu kwenye utando wa seli husimama, sodiamu huingia na maji huifuata, seli inavimba, kalisiamu nayo inapenya. Wakati huohuo taka hurundikana, hasa saksineti ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Sasa damu inaporudi na oksijeni yake, saksineti ile huunguzwa kwa pupa, na katika dakika chache za mwanzo humwaga chembe kali za oksijeni ambazo hutafuna tando za seli na kuvuruga mitokondria zilizokuwa bado hai. Saa chache baadaye chembe nyeupe za damu hufika zikidhani kuna vita. Kuta za mishipa midogo huvimba, na hapo utakuta ateri kuu imeachiwa, damu inapita vizuri mlangoni, lakini vyumba vya ndani havipati kitu.

Kwa hiyo uharibifu hutokea kwa awamu mbili, na awamu ya pili ndiyo iliyowapa watafiti matumaini, kwa sababu inatabirika. Dakika 22 zako ziko chini ya kiwango cha dakika 25 hadi 30 ambacho madaktari wa upasuaji hujaribu kutokivuka figo ikiwa na joto lake la kawaida.

SWALI: Ninasubiri upasuaji wa moyo. Nimesikia kuna hospitali ambako mgonjwa hufungwa mkanda wa presha mkononi na kubanwa mara kadhaa ili kulinda figo. Mkono na figo wapi na wapi? (Mwenye wasiwasi)

JIBU: Swali zuri, na hata watafiti waliliuliza hivyohivyo. Mwaka 1986 kikundi cha Murry, Jennings na Reimer kilibana ateri ya moyo wa mbwa mara nne kwa dakika tano tano, kisha kikaibana kwa dakika 40. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuandaliwa. Mwaka 1993 Przyklenk na wenzake wakaonyesha kwamba kubana tawi moja la ateri ya moyo kulilinda eneo linalolishwa na tawi jingine. Tangu hapo ikawa wazi kwamba tishu iliyoonjeshwa njaa hutuma habari mbali. Mkono ukafuata, maana ni kiungo kinachovumilia njaa ya damu na hakihitaji kisu kukifikia.

Kwa figo, maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: mkono uliobanwa hutoa kwenye damu molekuli za tahadhari. Figo huzichuja, seli za mirija huzinusa, na kwa muda husimamisha mzunguko wao wa kugawanyika, kama watu wanaofunga madirisha kabla ya dhoruba. Seli iliyotulia hivyo hustahimili zaidi njaa inayokuja.

Namna inavyofanyika ni rahisi. Mkanda hufungwa mkono wa juu, hujazwa upepo hadi milimita 200 za zebaki, au 50 juu ya presha ya juu ya mgonjwa ikiwa hiyo ni kubwa zaidi (mwenye 165 atahitaji 215). Huachwa hivyo dakika tano, hufunguliwa kabisa dakika tano, na kazi hiyo hurudiwa mara tatu. Nusu saa imekwisha. Kwa kawaida hufanywa mgonjwa akiwa tayari amelala usingizi wa dawa, kabla ya kifua kufunguliwa, na hivyo hasikii ganzi wala maumivu.

Hapa ndipo watu hukosea. Mkanda ukivuja taratibu na kushuka chini ya presha ya mgonjwa, ateri huendelea kuingiza damu ilhali vena zimefungwa. Mkono hauoni njaa, unajaa tu. Muuguzi mwenye jicho atajua bila hata kutazama namba: mkono uliobanwa sawasawa hupauka na mapigo ya kifundoni hupotea kabisa, unaogeuka zambarau na kuvimba umebanwa nusunusu, na mzunguko huo hauhesabiki.

Je, unasaidia? Jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2015, lenye wagonjwa 240 wa upasuaji wa moyo waliokuwa katika hatari kubwa, lilipata kwamba figo ziliumia ghafla kwa asilimia 37.5 ya waliobanwa mkono na asilimia 52.5 ya ambao hawakubanwa. Waliohitaji mashine ya kusafisha damu walikuwa asilimia 5.8 dhidi ya 15.8. Mwaka huohuo yakatoka majaribio mawili makubwa zaidi, moja la Uingereza lenye wagonjwa 1,612 na jingine la Ujerumani lenye zaidi ya 1,300, na yote mawili hayakuona faida yoyote. Tofauti moja inatajwa sana: katika haya mawili wagonjwa wengi walilazwa kwa propofoli, dawa ya usingizi inayoshukiwa kuzima ujumbe wa mkono, na katika lile la kwanza iliepukwa. Kisukari nacho, pamoja na vidonge vyake vya aina ya glibenklamidi, huonekana kupunguza nguvu ya maandalizi haya.

Msimamo wetu: gharama ni ndogo, madhara ni machache, faida haijathibitika. Muulize daktari wako wa usingizi kama wanafanya na watatumia dawa gani. Wakisema hawafanyi, usihamishe upasuaji kwa ajili hiyo.

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina mashine ya presha ya betri nyumbani. Naweza kumbana baba mkono mwenyewe usiku wa kuamkia upasuaji? (Binti mkubwa)

JIBU: Marahaba. Hapana, binti, na kuna sababu tatu. Mashine za betri hujaza na kuachia zenyewe. Haziwezi kushikilia 200 kwa dakika tano. Pili, kinga ya awali ya zoezi hili hudumu saa chache tu, hivyo la usiku litakuwa limeshachacha asubuhi. Wimbi la pili la kinga hujitokeza baada ya kama saa 24, na ni dhaifu zaidi. Tatu, si kila mkono unabanwa. Mkono wenye njia ya dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine) unaweza kugandisha damu na njia ikafa. Mkono wa upande ulioondolewa tezi za kwapani, wenye damu iliyoganda kwenye vena, au wa mtu mwenye selimundu, uacheni kabisa.

SWALI: Nina miaka 63. Nameza losatani na dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha, na diklofenaki kwa ajili ya magoti. Nitafanyiwa upasuaji wa tumbo. Nani ananidhuru figo kati ya hao watatu? (Babu wa magoti)

JIBU: Mzee wetu, barua yako ndiyo yenye uzito kuliko zote za leo, kwa sababu kinachoua figo nyingi hospitalini si kukosa mkanda mkononi. Utatu kama wako ni mmoja wa wauaji hao.

Kichujio cha figo kina mlango wa kuingilia damu na mlango wa kutokea. Presha ya mwili ikishuka, figo hujiokoa kwa njia mbili: hupanua mlango wa kuingilia kwa msaada wa prostaglandini, na hukaza mlango wa kutokea kwa msaada wa angiotensini. Diklofenaki na ndugu zake huzuia prostaglandini, mlango wa mbele unabaki mwembamba. Losatani huzuia angiotensini, mlango wa nyuma unabaki wazi. Dawa ya kukojoza imekwisha kupunguza maji kwenye mishipa. Siku ya kawaida figo huvumilia. Siku ya upasuaji, presha inapoanguka kwa dawa ya usingizi na damu kidogo ikimwagika, figo inanyoosha mkono na kukuta milango yote miwili haitii amri.

Wa kuacha kwanza bila mjadala ni diklofenaki, na hiyo ni kabla na baada ya upasuaji. Lakini kila dawa ya kundi hili ina mwendo wake. Diklofenaki na ibuprofeni hutoka mwilini ndani ya siku moja. Naproksini huhitaji siku tatu hivi. Piroksikamu ni king'ang'anizi: baada ya kidonge cha mwisho hukaa kama siku kumi. Kwa magoti tumia parasetamoli, si zaidi ya gramu 4 kwa siku, au chini ya hapo kama ini lako lina shida au mwili wako ni mwembamba sana. Na uangalie dawa za mafua za kuchanganya; baadhi zina ibuprofeni ndani yake na boksi halipigi kelele.

Losatani ina mjadala. Jaribio la Ufaransa la 2024, lenye wagonjwa 2,222 wa upasuaji mkubwa usio wa moyo, lililinganisha walioacha dawa za kundi hilo saa 48 kabla na walioendelea nazo. Matatizo kwa jumla yalilingana, na figo hazikutofautiana. Kilichotofautiana ni presha kuanguka mezani: asilimia 41 kwa walioacha, 54 kwa walioendelea. Ndiyo maana madaktari wengi wa usingizi bado hupendelea uiache siku moja au mbili. Wakuamulie wao, na usisahau kuuliza utairudia lini. Wengi huacha vizuri, kisha hakuna anayewakumbusha kurudi, presha ikapanda miezi mitatu bila kujulikana.

Dawa ya kukojoza kwa kawaida huachwa asubuhi ya upasuaji, isipokuwa moyo wako ni dhaifu.

SWALI: Mama yangu ana presha na kisukari, na mara kwa mara huharisha. Nifanye nini siku hizo ili figo zake zisikauke? (Mlezi)

JIBU: Akitapika au kuharisha kiasi kwamba anachotoa ni kingi kuliko anachokunywa, dawa hizi husimamishwa kwa muda: za kukojoza, za jamii ya losatani na enalaprili, vidonge vya kisukari vinavyoishia na "-glifozini", na metformini. Hii ya mwisho haiumizi figo yenyewe. Figo ikizembea ndipo inarundikana na kutia damu asidi. Hurudiwa saa 24 hadi 48 baada ya kuanza kula na kunywa kawaida. Insulini haiachwi hata siku moja, wala steroidi. Orodha hiyo ikubalieni na daktari wake sasa, akiwa mzima, iandikwe na kubandikwa alipoweka dawa. Kama ana moyo dhaifu, mpigie daktari kabla ya kusimamisha chochote.

Maji matupu hayatoshi. Mpe ORS ya pakiti. Ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kosa la kila siku ni vijiko vya mlima. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumbo, na kuharisha kunaongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Asipokojoa kwa saa sita hadi nane, au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni.

SWALI: Wodini kwetu mgonjwa akipungua mkojo baada ya upasuaji, wengine hukimbilia Lasix, dawa ya kukojoza, "kuamsha figo", na wazee wa kazi bado wanaikumbuka dopamini ya kipimo kidogo. Yupi yuko sahihi? (Muuguzi wa zamu)

JIBU: Hakuna. Dopamini ya kipimo kidogo ilizikwa na jaribio la Australia na New Zealand la mwaka 2000, haikuzuia chochote. Lasix huongeza mkojo, haiongezi uhai wa figo. Kwa mgonjwa aliyekaukiwa inamalizia maji yaliyobaki, na mkojo mwingi kwenye mfuko unawapa wote amani ya uongo. Ina kazi yake kwa aliyejaa maji, basi. Manitoli, dawa nyingine ya kukojoza, wakati wa kukata sehemu ya figo nayo imejaribiwa bila faida. Dripu za wanga (hydroxyethyl starch, si zile za glukosi) ni mbaya zaidi, zinaongeza kuumia kwa figo.

Kilichowashangaza wengi ni asidi za amino, vijenzi vya protini. Jaribio la 2024 katika upasuaji wa moyo, watu 3,511, lilipunguza kuumia kwa figo kutoka asilimia 31.7 hadi 26.9 kwa dripu ya asidi za amino, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito unaomfaa mgonjwa kwa siku, hadi siku tatu. Zinaongeza damu inayopita figoni.

SWALI: Nimesoma kwamba ultrasaundi ya kawaida inaweza kukinga figo. Ni kweli au ni biashara? (Mdadisi)

JIBU: Ni kweli kwa panya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwapiga panya mawimbi ya ultrasaundi kwa dakika chache, siku moja kabla ya kubana ateri za figo, na figo zikaumia kidogo sana. Utamu wa habari ni kwamba mlinzi hakuwa figo. Panya walioondolewa bandama kabla hawakupata kinga yoyote. Inaelekea mawimbi huamsha njia ya neva inayofika bandamani, seli za kinga huko hutoa asetilikolini, na chembe zenye hasira hupunguziwa ukali kabla hazijatumwa figoni. Kusisimua kwa umeme neva ya vagasi, ile ndefu itokayo ubongoni hadi tumboni, kulileta matokeo ya jamii hiyo, pia kwa panya.

Kwa binadamu bado hii si tiba. Ultrasaundi uliyofanyiwa kuangalia mawe haikukukinga na chochote. Ukiona mtu anauza "mawimbi ya kulinda figo", mwache aendelee kuwauzia panya.

SWALI: Je, nikifunga siku tatu kabla ya upasuaji? (Msomaji mfungaji)

JIBU: Usifunge. Panya waliofungishwa siku tatu walilindwa kweli, lakini siku tatu za panya ni safari ndefu mno ukiipima kwa mwili wa mtu. Nchini Ujerumani wagonjwa wa upasuaji wa moyo walipunguziwa chakula hadi asilimia 60 ya mahitaji yao kwa siku saba, na kreatinini (taka ya damu inayopimwa kujua figo inavyofanya kazi) ya siku iliyofuata haikutofautiana. Na anayefunga hadi maji anaifanyia figo yake kinyume cha anachotaka. Vimiminika angavu kama maji kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Uliza, kisha kunywa.

SWALI: Figo ya mtu aliyefariki ubongo hulindwaje kabla ya kutolewa? (Mwanafunzi)

JIBU: Kwa ubaridi kidogo. Jaribio la Marekani la 2015 liliwashusha wafadhili hao hadi nyuzi 34 mpaka 35 za Selsiasi badala ya 36.5 hadi 37.5. Waliopandikizwa figo hizo wakahitaji dayalisisi wiki ya kwanza kwa asilimia 28, wengine 39. Blanketi la kupoza tu, hakuna kisu. Jaribio la 2023 likaonyesha kwamba kuisukumia figo maji baridi kwa mashine baada ya kutolewa kunashinda kuupoza mwili wa mfadhili.

SWALI: Baada ya upasuaji, tuangalie nini na kwa namba zipi? (Muuguzi mwanafunzi)

JIBU: Presha ya wastani isishuke chini ya 65, na kwa mwenye presha ya kupanda ya miaka mingi daktari anaweza kutaka zaidi. Hesabu yake: chukua ya chini, ongeza theluthi ya tofauti. Mwenye 90 kwa 50 ana 63, hajatosha, hata kama anakuchekea.

Mkojo usipungue mililita 0.5 kwa kilo kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60 atoe 30 kwa saa. Akitoa chini ya 180 kwa saa sita mfululizo, figo imeumia kwa vigezo, hata kreatinini ikiwa safi. Kreatinini huchelewa, hupanda siku moja au mbili baadaye. Ikipanda miligramu 0.3 kwa desilita ndani ya saa 48, hiyo nayo inatosha. Ndiyo maana pima moja ya kabla ya upasuaji, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Na kabla hujamwamsha daktari usiku, fuata mpira wa mkojo kwa mkono kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye mfuko. Angalia kama umepinda chini ya paja, kama mgonjwa ameulalia, kama kuna donge la damu kwenye kiungio. Papasa chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa hukaa kama nazi ndogo. Mkojo ukikosekana mfukoni na kibofu kikiwa tele, figo haina kosa.